Fundi Nakuja

Haya, tegua hiki: kila akisema anakuja, unamwona mgongo. Nani huyo? Umeshindwa? Mji sikudai, jibu nakupa bure: ni fundi cherehani mmoja, ambaye watu walimbatiza Fundi Nakuja.

Mteja akiita, "Nakuja!" Mumewe akiita, "Nakuja!" Huyo, kashatokomea chumba kingine, tepu shingoni, pini kifuani, na mezani nguo tatu ambazo hata moja haijafika pindo.

Asubuhi hiyo alichungulia chumbani kwa mama mkwe wake, aliyemfundisha kushona. Tangu kiharusi kimpige, hakuna aliyemsikia mama huyo akitamka neno.

"Mama, gauni lako nilikate shingo gani, ya duara au ya pembe? Haya, nakuja."

"Wifi, unaongea na ukuta," alisema dada wa mumewe, akikunja mashuka. "Mama tulishampoteza. Kilichobaki ni kumlisha tu."

Fundi alikuwa mlangoni tayari. Akageuka amjibu wifi yake, na hapo akaona: midomo ya mama mkwe ilikuwa inacheza. Ikatulia. Macho yake yalikuwa mlangoni, yanamsindikiza.

Kumbe kila siku mama huanza kujibu, na yeye kashaondoka?

Akarudi. Akavua tepu, akausukuma mkasi aliokuja nao chini ya kitanda usije ukamtia majaribuni, akaketi. "Shingo gani, mama?"

Vidole vikamwasha kwa kutafuta kazi, akavikalia. Nje mteja akabisha hodi.

"Fundi! Upo au umehama?"

Ulimi ukataka kuitika; akaung'ata.

"Wifi, mtu anakuita," dada wa mumewe akasema. "Unangoja nini hapo?"

"Namngoja mama."

Basi uso wa mama mkwe ukaanza kazi. Mshipa ukasimama shingoni, kidevu kikatetemeka, pumzi ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Neno lilikuwa njiani, linatoka mbali sana, na fundi akalitazama linavyokuja kama mtu ambaye hajawahi kuona jua likichomoza. Shuka likamponyoka wifi mikononi.

"Ya... du... duara," akasema mama mkwe. "Ya pembe... huwa unaipindisha."