Kipindi cha Marudio

Selpha alikuwa akiosha vyombo kwenye bomba la ploti ya wapangaji, Makongeni, aliposikia sauti yake mwenyewe ikilia redioni.

Ilikuwa sauti ya ujana wake, enzi za kazi ya kiwandani. Alikuwa amepigia simu kipindi cha ushauri, akaeleza jinsi msimamizi alivyomfungia stoo na kumnajisi, na kwamba sasa ana mimba asiyojua ni ya huyo au ya mumewe. Mtangazaji alimwahidi jina lake halitatajwa. Halikutajwa. Lakini ule mkwaruzo wa koo na kile Kiswahili cha Bungoma, ploti nzima ilivijua. Wanawake bombani wakamgeukia. Warigia, mwenye redio, akaongeza sauti.

Kesho yake alikwenda Ruiru, kwenye ofisi za stesheni hiyo ya redio. Meneja, kijana aitwaye Maluki, hakumwambia aketi.

"Ile sauti ni yangu," Selpha alisema. "Itoeni."

"Sauti ni yako, mama. Rekodi ni yetu. Stesheni ya zamani ilifungwa, tukanunua kanda zote. Haki ya kurudia tunayo."

"Mimi sikuwauzia."

"Ulipiga simu mwenyewe. Hakuna mtu alikushika mkono."

"Aliyenishika nilimtaja. Mbona jina lake mmelikata?"

Maluki alikuna kidevu. "Huyo siku hizi ni mtu mkubwa. Wakili wetu alisema anaweza kutushtaki."

"Na mimi?"

"Wewe hukutajwa jina. Utashtaki nini?"

Selpha alimtazama. "Mimba ile ndiye binti yangu Nekesa, ameolewa. Ana wakwe."

"Watu wanakipenda kipindi, mama. Wanauliza huyo msichana aliishia wapi. Ukitaka tukuweke hewani, ueleze."

Selpha alitema mate juu ya meza. Askari wa mlangoni akamkamata mkono, akamburuta hadi nje, akamwambia akirudi ataitiwa polisi.

Alipofika nyumbani jioni, alimkuta mumewe, Sifuna, ameketi mlangoni na simu magotini, redio ya simu imefunguliwa. Hakumsalimia. Alikisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Wamesema sehemu ya pili ni saa hii."

"Baba Nekesa, ngoja nikueleze."

"Huyo msichana wa redioni ndiye atanieleza."

Selpha aliketi. Tangazo la sabuni likaisha. Msichana redioni akavuta pumzi, tayari kusema.