Vidole Vinne Begani

Shuka la hoteli hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, wanalivuta mpaka linyooke, kisha wanakutana katikati. Jumatatu asubuhi, katika chumba cha pasi cha kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli, Daktari alishika pembe zake, akavuta, na upande wa pili pembe moja ikaanguka sakafuni.

"Shangazi, pembe yako hiyo," alisema Daktari.

"Naiona," alisema Shangazi. "Sina cha kuishikia."

Kweli hakuwa nacho. Mkono wake wa kulia haukuwepo. Hapakuwa na damu wala kidonda. Bega lilikatika kwa mstari ulionyooka kabisa, na mkono wa blauzi upande ule ulikuwa umekwenda pamoja na mkono wenyewe. Msimamizi alipita, akatazama, akasema wasiliache shuka liguse chini, litarudi kufuliwa.

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa mkunja shuka kama wenzake, ila yeye ndiye aliyeyapa majina magonjwa ya simu, ambayo hospitali haikuyajua wala haikuulizwa. Wakati wa chai mgonjwa alijieleza, wenzake wakabishana, na ugonjwa haukukubaliwa mpaka upate jina ambalo mtu anaweza kulitamka akiwa na mkate mdomoni. Ndivyo ulivyopatikana mtetemo wa mfuko mtupu, uliomshika mwanamke wa mashine ya kukaushia. Paja lake lilitetemeka hata simu ikiwa imebaki nyumbani, na jirani yake alipotega sikio alimsikia dada wa mgonjwa akiuliza chumvi imewekwa wapi. Wakamjibu kwa sauti, paja likatulia.

"Hebu geuka," Daktari alimwambia Shangazi, akapitisha kidole kwenye ule mstari. "Umepigwa picha majuzi?"

"Jumamosi. Kwenye harusi ya mtoto."

Mtoto huyo alikuwa binti wa kaka yake, na Shangazi ndiye aliyemlea tangu hajaanza kutambaa. Wakamtafuta kwenye simu. Picha ilikuwa nzuri, hilo lisemwe. Bibi harusi anacheka, bwana harusi kamwinamia, maua kila mahali. Upande aliosimama Shangazi, picha ilikuwa imekwisha.

"Mkato wa pembeni," alisema Daktari, na safari hii hakuna aliyebisha.

Walikuwa wakiujua. Dereva wa gari la kiwanda aliwahi kuupata baada ya mashemeji zake kumkata kwenye picha ya familia. Yeye alipoteza sikio. Shemeji mmoja alipoona haya akairudisha picha nzima, sikio likarudi dereva akiwa njia panda, akasikia honi zote kwa mpigo.

"Huu ugonjwa haumli mtu mzimamzima," Daktari alieleza. "Unachukua kiungo kilichokuwa karibu na mkasi. Na dawa ni moja tu, aliyekata airudishe picha nzima ileile."

"Asipoirudisha?"

"Basi tena, Shangazi."

Shangazi alitaka mkono wake. Hakuona sababu ya kuzungukazunguka, kwa hiyo alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa mtoto.

Bibi harusi alikuwa sebuleni katikati ya zawadi zisizofunguliwa, amejitanda mtandio mzito na joto lile.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Alilitazama bega la shangazi yake, akahamisha macho.

"Na wewe begani kuna nini?" aliuliza Shangazi.

Binti aliushusha mtandio. Juu ya bega lake la kushoto vilikaa vidole vinne vya Shangazi, kucha fupi, ngozi imekakamaa, cha kati kina alama nyekundu ya moto. Kwenye picha pia vilikuwepo, pembezoni kabisa, vimetulia juu ya gauni jeupe.

"Sikuviona," alisema binti. "Nimeshaposti ndiyo nikaviona."

"Ulikata pabaya," alisema Shangazi, ambaye kwa kazi yake alijua kingo.

Aliketi. Alieleza habari ya shuka, pembe nne na watu wawili, kisha akasema alichokifuata. "Irudishe picha nzima, mwanangu. Nina kazi ya kufanya."

"Shangazi, siyo kwamba sikupendi."

"Sijakuuliza hilo."

Binti alichezea pindo la mtandio. "Ni huo mkono. Una alama za pasi. Ukweni nimewaambia uko kwenye mambo ya hoteli."

"Si niko?"

"Siyo hivyo."

"Lakini walinishika mkono huuhuu ukumbini, wakanipa pole na kazi."

"Ukumbini watu walikuwa wanacheza. Picha inakaa, Shangazi."

Liliuma neno hilo, na Shangazi hakujifanya halikuuma. Kisha akanyoosha mkono uliobaki juu ya meza, akagusa kidole chake cha kati pale begani.

"Hii alama nyekundu ni ya Ijumaa," alisema. "Nilikuwa napiga pasi gauni lako. Zile lesi za shingoni hazitaki papara."

Binti akalia. Alilia kweli, na vile vidole, bila kuagizwa, vikaanza kumpigapiga begani taratibu, jinsi vilivyozoea. Shangazi alihisi joto la ngozi ya binti na mtikisiko wa kwikwi, yeye akiwa ameketi upande wa pili wa meza. Hapo alidhani mambo yamekwisha. Binti alijifuta machozi, akasema angeweka picha nyingine, ya Shangazi peke yake, amependeza.

"Dawa ni ileile iliyokatwa."

"Ile siwezi. Watu wameshaiona."

Shangazi akasimama, akaaga vizuri.

Kesho yake Daktari alipigilia kibanio cha nguo ukutani, kikubwa, cha chuma. Shangazi alibana pembe moja, akashika nyingine, wakavuta. Baada ya muda alizoea kiasi kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa akisubiriwa, na msimamizi, aliyekuwa ameanza kusema maneno ya kustaafu, aliyameza. Shangazi alijifunza kupiga pasi kwa kushoto. Alipoulizwa habari za mkono alisema haujambo, uko kwa mtoto.

Siku moja wakati wa chai, mwanamke wa mashine ya kukaushia alikutana na picha mpya ya bibi harusi. Amesimama mbele ya nyumba, kaangalia pembeni, bega la kushoto limefunikwa. Chini yake ameandika maneno, na yule mwanamke aliyasoma kwa sauti kabla hajayafikiria: "Hapa nilipofika, nimefika kwa mikono yangu mwenyewe."

Dereva alitazama viatu vyake. Daktari alitafuta jina la ugonjwa huo, akakosa, akamega mkate.

Shangazi alikuwa amefumba macho.

"Amejitanda mtandio mwingine," alisema. "Wa hariri."

"Amependeza?" aliuliza Daktari.

"Sijui. Naugusa tu kwa vile vidole. Lakini haukupigwa pasi sawasawa, una mikunjo hapa mbele."

Akanywa chai yake. Bega lake tupu likaanza kucheza polepole, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Sasa unafanya nini, Shangazi?"

"Naunyoosha," alisema Shangazi.