Kompyuta Iliyonyweshwa Bia

Uliangalia pembeni. Usinikatalie. Ijumaa ile, lori la mgodi lilipopanda mtaa wa Kantuta hapa mjini Oruro na kumwaga maji ya rangi ya kutu kwenye kisima cha watu mchana kweupe, ulishusha pazia, ukaongeza sauti ya redio.

Zenobia Colque, muuza vitunguu na mwenyekiti wa kamati ya maji, hakushusha chochote. Alitoa simu akapiga video: namba ya lori, bomba, sura ya injinia na meno yake yote.

Alikuwa na sababu. Kisima cha kwanza kilipokufa, kamati ilipeleka picha kwa mkaguzi. Wakili wa kampuni akasema, "Hizi mmezichezea," na kesi ikafia hapo. Zenobia anaikumbuka hata tai aliyovaa siku ile: ya kijani, yenye doa la supu.

"Safari hii hawatatuambia kitu," alisema Yesenia, mdogo wake, fundi wa kompyuta. "Tunaifunga video kwa siri moja ya pamoja. Asiyeijua ataona takataka tupu."

"Siri gani wote tutaikumbuka?"

Wanawake wa kamati wakatazamana, kisha wakavunjika mbavu. Lilikuwapo tusi. Waliwahi kumkimbiza injinia hadi akaacha kiatu matopeni, na jioni yake, wakimenya viazi, wakatunga tusi tamu kuliko yote waliyomrushia. Lilichelewa. Liliwakaa kooni tangu siku hiyo.

"Basi ndilo hilo!" Yesenia akaliandika. Kisha akaelekeza kidole kwenye jiwe la kusagia. "Na video tunaisaga, dada, kama nyanya na pilipili. Unaweza kuzirudisha nyanya?"

"Una wazimu?"

"Huwezi. Ila nyanya zilezile zitakupa ladha ileile daima. Ongeza punje moja ya chumvi, ladha yote inageuka. Kompyuta inaisaga video, inatoa mstari mmoja wa herufi na tarakimu. Wakigusa hata nukta moja ya picha, mstari unakuwa mwingine kabisa."

Kabla ya jua kuchwa Ijumaa hiyohiyo mstari huo ulikuwa ukutani pale njia panda, rangi nyekundu, herufi kubwa kama mbuzi. Kesho yake wachezaji wa karnivali wakapita mbele yake na vinyago vyao vya mashetani, na mji mzima ukawapiga picha.

Nakala moja ya faili lililofungwa, ndani ya kijiti cha kuhifadhia, akapewa Fortunato wa duka la kona, aitunze.

Kisha ikaja Jumanne ya karnivali, siku ya kuvinywesha vyombo. Kila kinachotufanyia kazi hupata bia yake, sadaka kwa Mama Ardhi: gari, mizani, cherehani, hata lama, ngamia wetu mdogo wa mizigo. Zenobia, mcha Mama Ardhi kuliko wote, akapanga mezani kompyuta, simu iliyopiga video na kijiti cha pili chenye nakala yao. Akavipamba kwa utepe, akavimwagia maua ya karatasi.

"Kunyweni, wanangu, mtushindie!" Akamimina chupa nzima.

Kompyuta ikalia kama paka, ikazima; simu na kijiti vikafuata.

"Dada!" Yesenia akashika kichwa. "Unanyunyiza pembeni! Pembeni!"

"Mama Ardhi anyunyiziwe kibahili?"

Wakakimbia kwa Fortunato. Akajificha nyuma ya magunia ya sukari.

"Nakala yetu!"

"Jamani… niliwapa wa kampuni. Lakini walishindwa kuifungua! Wakili kanitukana mimi, eti nimemletea uchafu!"

Kesi mpya mbele ya mkaguzi ilikuwa keshokutwa, na bila video kisima cha mwisho kilikuwa kinakwenda. Halafu Zenobia akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Basi uchafu huo atatuletea mwenyewe."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wakili akasimama mbele ya mkaguzi wa maji, mama mmoja mcha Mungu mwenye rozari mkononi. Tai ya kijani. Doa bado lipo.

"Ushahidi wenu uko wapi, mama? Nasikia umelewa."

"Umo mfukoni mwako, wakili. Unaogopa kuutoa."

"Mimi niogope?" Akachomoa kijiti, akakibwaga mezani. "Mheshimiwa, hili ndilo faili lao. Wataalamu wetu wamelipekua: takataka! Hawa wanawachezea majirani zao."

Kabla hajafunga mdomo Yesenia alikwisha kukichomeka kwenye kompyuta ya ukumbi. "Dada, andika siri."

Zenobia akaitazama rozari, akaona haya, akaandika kwa adabu: *injinia mkia wa lama rudisha maji yetu*. Kompyuta ikakataa.

"Lile lenyewe, dada! Haitaki heshima, inataka lile lenyewe!"

Kamati nzima ikainuka, ikalitoa kwa sauti moja, lile lililowakaa kooni:

"INJINIA MATAKO YA LAMA RUDISHA MAJI YETU!"

Injinia, kwenye safu ya mbele, akawa mwekundu kama rangi ya ukuta. Zenobia akaliandika, video ikafunguka: lori, bomba, meno.

"Mmeichezea wiki nzima!" wakili akafoka.

"Imetoka mfukoni mwako!" ukumbi ukamjibu.

Yesenia akaisaga video mbele ya wote. Mstari ukatokea. "Nani ana picha za karnivali za Jumamosi, siku moja tu baada ya lori?"

Simu zikainuka kama msitu. Kwenye kila simu shetani anacheza, na nyuma ya pembe zake, ukuta. Mkaguzi akafuatisha herufi moja moja kwa kidole, midomo ikienda kama kwenye sala. Hakuna hata moja iliyopishana: tangu Ijumaa hakuna aliyeigusa video. Akaagiza bomba la lori la mgodi lipigwe lakiri siku hiyohiyo, kisha akaficha kicheko ndani ya leso.

Na wewe? Najua unayo video uliyoipiga ukichungulia nyuma ya pazia, umeificha simuni. Iweke chini chai hiyo. Chagueni siri wewe na majirani zako, ifungeni, gaweni nakala hata kwa msaliti, isageni, na mstari wake uandikeni ukutani pa watu wote. Toka nje. Rangi haijawahi kujipaka yenyewe.