Kiti Asichokikalia Fundi

Niliota jana usiku kwamba kiti cha Dokta Mushumbusi kimenikanyaga kidole gumba cha mguu na kuniambia, "Fundi, vaa shati. Tunachelewa."

Kabla sijaendelea niseme kiti hicho ni kipi, maana ni kiti cha kweli. Kipo sebuleni kwangu hapa Morogoro, kwa sababu karakana yangu inavuja. Ni cha mninga, cha mikono. Mwenyewe ni mama mstaafu aliyefundisha saikolojia miaka kumi na minne, kisha akahamia menejimenti ya biashara akaifundisha miaka kumi na mmoja, na sasa ni mshauri wa masomo. Watu wanakwenda kwake, wanakaa kwenye kiti hicho, naye anawaambia wakasome nini. Wamekikalia mpaka sponji ikawa kama chapati. Akaniletea nikivishe upya.

Siku aliyokileta aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tano, na sikufukuzwa. Baba alifariki, mjomba akanichukua nikashike nyundo. Hakunionea huruma, na hilo lilinipendeza. Alitoa fomu ya darasa la jioni la watu wazima, akaiweka mezani.

"Jaza kwa penseli, Fundi. Ukikosea tunafuta. Wanafunga Ijumaa ya wiki ya pili."

Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna penseli. Ni kweli. Sisi mafundi makochi tunatumia chaki. Fomu imekaa mezani wiki mbili bila kuguswa, na Ijumaa yenyewe ni leo.

Nilimuuliza pia saikolojia na menejimenti zinakutana wapi, maana nilitaka kujua kweli. Kochi nikilifungua najua hapa mkanda, hapa springi, hapa sponji. Mtu sijui ndani ana nini. Akanijibu, "Jaza fomu, utajua."

Basi, turudi kwenye ndoto.

Navaa shati. Kiti kinatangulia, kinatembea kama mbuzi mwenye haraka, kinafungua mlango wa jikoni. Ng'ambo hakuna jikoni. Kuna korido ndefu yenye sakafu iliyosuguliwa nta, na milango miwili. Mmoja umeandikwa Saikolojia, wa pili Menejimenti.

"Tofauti ni nini?" nauliza.

"Huu unauliza kwa nini mtu hafanyi kazi," kinasema kiti. "Ule unauliza atamaliza lini."

Nafungua wa kwanza, nachungulia. Nafungua wa pili. Chumba ni kilekile, na nyuma ya meza ya mapokezi amekaa mbwa yuleyule. Amevaa tai. Anaandika kwa penseli, na akiwaza anaitafuna. Ananitazama, anainua kengele ya shule, anaigonga.

Mate yananijaa mdomoni.

"Vizuri," anasema mbwa, anaandika. "Bado inafanya kazi."

"Samahani, mzee," namwambia. "Dokta alinisimulia habari ya mbwa aliyegongewa kengele mpaka akawa anadondosha mate bila kuona chakula. Hapa naona mambo yamegeuka."

"Mbwa huyo ni mimi," anasema. "Halafu nikaenda kusoma menejimenti."

Hapo hapo nikaelewa zinapokutana. Na kwa kuwa nilichotaka kujua nimekijua bila kujaza fomu, nikageuka nirudi nikalale.

"Huko siko," anasema mbwa. "Unaitwa juu. Pita ngazi ya mahitaji ya binadamu, na usiruke hata moja."

Ngazi ina vipandio vitano, vya mbao, vimepigiliwa na mtu asiyejua kuweka msumari. Kwenye kipandio cha kwanza kuna ugali na mlenda, na mguu hauinuki mpaka sahani iishe. Nakula. Kwenye cha pili kuna mgambo anayenikagua kama niko salama, anagonga kifua changu kama anayegonga tenki la maji, anasema, "Pita." Cha tatu ni cha kupendwa. Wamekaa dada zake mke wangu, wote saba, na ni lazima nimsalimie kila mmoja na kumuuliza habari za wanawe. Hapo ndipo nilipochelewa zaidi. Kwenye cha nne, cha heshima, mbuzi mzee ananiambia, "Shikamoo." Naitika, "Marahaba," napanda.

Cha tano si kipandio. Ni darasa langu la tano.

Madirisha ni yale yale yasiyo na vioo. Lakini waliokaa kwenye madawati si wanafunzi. Ni viti. Naona kochi la mchungaji, kiti cha kinyozi wa stendi, stuli ya mama muuza vitambaa, vyote nimevishona mimi. Mezani kwa mwalimu liko daftari la mahudhurio, nene kama godoro, linajisomea lenyewe majina.

"Ludovick Mkude."

Ndiye mimi. Viti vinageuka kutazama mlangoni.

"Hayupo," linasema daftari, na linajichora mkato mwekundu. Nasogea kuangalia. Mbele ya jina langu kuna mikato mingine, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwanzo wa daftari.

"Mmekuwa mkiniita kila siku?"

"Miaka thelathini na saba. Jumamosi na Jumapili hatuiti."

"Na somo mmefika wapi?"

"Hatujafika. Sheria ni kwamba somo halianzi mpaka wote wawepo. Uliondoka tukiwa kwenye hesabu za sehemu. Tumeandika robo tatu ubaoni, tunakungoja."

Nikatazama ubao. Robo tatu ilikuwepo, chaki imeshakuwa ya manjano.

"Ndiye huyu?" kinauliza kiti cha kinyozi. "Aliyenishona upande wa kushoto ukabana?"

"Ulikuwa mwaka wangu wa pili kwenye ufundi," nasema.

"Na mimi huu ni mwaka wangu wa thelathini na sita wa kubanwa."

"Mwache," linasema kochi la mchungaji kwa sauti nzito. "Mimi nimebeba wachumba, wafiwa, na walevi walioapa kuacha. Ya watu nayajua yote. Ila robo tatu sijui ni robo tatu ya nini, na ningependa kujua kabla sijachakaa."

"Leo tunafunga daftari," linasema daftari. "Naita mara ya mwisho. Asiyeitika namfuta, tunaendelea bila yeye. Ludovick Mkude."

Nafungua mdomo niseme nipo. Hakitoki kitu.

"Nasubiri idhini," unasema ulimi wangu.

"Idhini ya nani?"

"Kuna mnyororo wa madaraka. Mimi naomba kwa meno, meno yanaomba kwa taya, taya kwa koo. Koo limeshapeleka barua ofisi ya juu."

Nikatia kidole mdomoni, nikaugusa mnyororo wenyewe. Ni kama wa baiskeli, umepakwa grisi vizuri. Nikauvuta kidogo nione umefungwa wapi, na kwa kuuvuta nikajikuta niko kwenye ofisi hiyo ya juu, ndani ya kichwa changu, chumba kidogo chenye dirisha. Chini, mbali sana, naona viatu vyangu. Mbwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Bosi yuko wapi?" nauliza.

"Hajawahi kukaa," anasema mbwa. "Kila asubuhi tunamletea chai. Inapoa, tunaimwaga."

Nyuma ya meza kipo kiti cha Dokta, kimevaa kitambaa kipya cha kijani. Mishono ni yangu.

"Kaa," kinasema kiti.

"Siwezi."

Na hapa ni lazima nieleze. Mjomba alinifundisha mengi kwa kofi, lakini hili alinifundisha kwa maneno: fundi hakalii kiti alichokishona. Wa kwanza kukaa ni mwenyewe. Ukikikalia wewe, umemlia mteja upya wake. Nimeshika sheria hiyo maisha yangu yote. Nyumbani kwangu tunakalia viti vya plastiki.

"Sasa unajuaje kama vinakalika?" kinauliza kiti.

Nilisimama nikiliwaza swali hilo. Lilikuwa swali zuri, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimevisha mamia ya viti, na kila kimoja nimekitazama kikiondoka na mtu mwingine. Chini kule nasikia daftari linafungua kalamu nyekundu. Siwezi kusema nilikaa kwa ujasiri. Nilikaa ili nijue.

Sponji ilishuka kidogo, springi zikanipokea, zikanirudisha juu kama mtu anayekupakata bila kukukaba. Upande wa kushoto haukubana. Nikaegemea. Kumbe huwa wanahisi hivi.

"Kinakalika," nikamwambia mbwa.

"Saini hapo," anasema mbwa, ananipa ile penseli yake. Kabla sijaandika nasikia kutoka chini, kwenye kinywa changu mwenyewe, sauti inasema, "Nipo."

Darasa zima likatoa pumzi, mbao na sponji pamoja. Daftari likaweka nukta. "Haya," likasema. "Robo tatu ni..."

Mbwa akagonga kengele.

Niliamka mate yamejaa mdomoni na jua limeshaingia dirishani. Mke wangu, Mama Tatu, alikuwa anakunja neti.

"Ulikuwa unamwitika nani, Baba Tatu? Nipo, nipo. Nikasema nani kakuuliza."

"Daftari," nikamwambia.

"Haya," akasema, akaenda sebuleni. Akarudi mlangoni amekunja uso. "Nani amekalia kiti cha watu?"

Nikaenda kuangalia. Kiti kilikuwa pale nilipokiacha, nimekifunika nailoni na kuibana kwa mkanda wa gundi pande zote nne. Mkanda haujaguswa, nailoni haijachanika. Lakini katikati ya kitambaa cha kijani kulikuwa na bonde, la upana wangu. Na ndani ya bonde, chini ya nailoni, penseli.

Nikachukua kisu cha kazi, nikaikata nailoni. Penseli ilikuwa imetafunwa, meno yamezama pande mbili.

"Sisi tunafuga mbwa?" nikamuuliza Mama Tatu.

"Kuku tu ndio tunafuga, na wanakufa."

Nikakivuta kiti cha Dokta mpaka mezani, nikakikalia. Mama Tatu alinitazama kama amemwona mjomba mwenyewe amefufuka.

"Utamwambia nini mwenye kiti?"

"Kwamba kinakalika."

Nikaivuta fomu. Jina langu liliingia vizuri. Kwenye jina la baba mkono uliteleza, nikakosea. Nikaigeuza penseli. Ufutio mbwa hakuugusa.