Mgeni Aliyeoshwa Adui Zake

Katika bustani ya mimea, hakuna mmea wa ng'ambo ulioruhusiwa kugusa udongo kabla ya kuogeshwa. Kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke ambaye wote walimwita Mwoshaji. Alikaa katika banda la vioo na beseni la maji ya sabuni, mkononi brashi ya kunyolea ndevu, akigeuza kila jani kama mama akaguaye masikio ya mwanawe. Mdudu, yai la mdudu, hata konokono mchanga, vyote vilizama ndani ya beseni. Ndivyo kanuni ilivyotaka, naye hakuwa mtu wa kuchezea kanuni.

Asubuhi moja aliuogesha mmea utambaao, wenye miiba mirefu na majani yaliyotobolewa na mbawakawa wa huko kwao. Mbawakawa wakafa, mmea ukapandwa ukutani pa ofisi ya Mkurugenzi. Kulipokucha ulikuwa umeivua miiba yake yote na kuipanga mlangoni pa banda, kama mgeni mstaarabu aachaye silaha barazani. Mwoshaji akaifagia.

"Ameona hapa hana wa kumtafuna," akasema wifi yake, aliyekuwa mlinzi wa geti. "Miiba ya nini tena? Hata mimi ningeupumzisha ulimi wangu, wifi, kama usingekuwapo."

"Ulimi wako upumzike, dunia si itasimama?"

Nguvu zilizokuwa zikienda kwenye miiba, mmea ukazihamishia kwenye kurefuka. Haukupita muda, ukafunika ukuta. Ulizoea kuchanua mara moja kwa mwaka. Sasa ukachanua kila mwezi. Mbegu zake, nzito tangu asili, zikaota manyoya mepesi zipate kuvuka ua. Mkurugenzi alipendezwa, akaamuru dirisha lake liachwe wazi, mmea uingie utakapo.

Mimea ya wenyeji ilikosa pa kusimama, ikaanza kuondoka. Ilijikung'uta udongo, ikakunja mizizi kama watu wakunjao mikeka, ikapanga foleni getini. Mlinzi aliiinulia kizuizi. Kanuni zilihusu waingiao, watokao hazikuwataja.

Katika foleni hiyo Mwoshaji akakiona kichaka kilichokuwa kikiota nyuma ya banda, akakimbilia getini. Baba mkwe wake alikuwa na pumu, na hakuna kilichomfungua kifua ila majani ya kichaka hicho, machungu kama shubiri.

"Wifi, hicho usikitoe! Unataka baba afe?"

"Nikizuie kwa kosa gani? Zungumza nacho mwenyewe."

Mwoshaji akazungumza nacho. Jioni kikamfuata nyumbani hatua kwa hatua, akakipa beseni chumbani mwa mzee, karibu na dirisha.

Kikastawi. Chumbani hamkuwa na kiwavi wala mbuzi. Kikanenepa, majani yakawa mapana kama viganja. Lakini kadiri kilivyonawiri ndivyo kifua cha mzee kilivyozidi kubana, hata akawa analala ameketi. Siku moja alitafuna jani, akalitema.

"Mwanangu, hii ni dawa au peremende?"

Mwoshaji akaonja. Lilikuwa tamu.

Mzee alikitazama kichaka, akihema kwa shida. "Uchungu ulikuwa panga lake," akasema. "Nani alalaye na panga mkononi nyumbani kwake? Kimekosa adui. Haya, adui ni mimi."

Akainama, akakiuma kwa meno yaliyombakia. Kichaka kikajibana ukutani. Tangu hapo alikiuma kila asubuhi kabla ya kunawa uso, na matusi juu: "Mnene wewe! Mvivu, aibu ya ukoo!" Kichaka kikakasirika, majani yakasinyaa, uchungu ukarudi hata ukawatoa watu machozi. Kifua cha mzee kikafunguka.

Mwoshaji akaenda kwa Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, mgeni wetu naye anahitaji wa kumtafuna. Tumemwosha kupita kiasi."

Mkurugenzi alimjibu kutoka ndani ya majani. "Bustani hii haijawahi kupokea mdudu, bibie, na haitaanza leo." Kisha akamwarifu kwamba kulikuwa na masanduku mengine yanamsubiri bandani.

Jioni Mwoshaji alimkuta baba mkwe dirishani, anapumua bila mlio, kwa raha zake, mabaki ya jani yamemganda kwenye ndevu.

"Umefanikiwa?" akauliza mzee.

"Sikufanikiwa, baba."

"Basi pole. Keti."

Akaketi. Kichaka, chenye alama za meno kila upande, kikasogeza tawi kumpisha. Nje, barabarani, foleni nyingine ya mimea ilikuwa ikipita na mizizi yake kwapani. Ikawaamkia kwa adabu, na mzee, ambaye sasa pumzi ilimtosha, akauitikia mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho.