Vifuniko vya Njano na vya Bluu

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na maneno ya fundi cherehani ndiyo yaliyomwingiza mdogo wake msusi kwenye utafiti. Wote wawili waliishi na virusi vya ukimwi, na wote wawili walishikwa na homa ile ile ya bakteria wanaonyemelea mwili uliochoka. Kliniki ilikuwa inalinganisha antibiotiki mbili ijue ipi inatibu vizuri zaidi. "Twende, mdogo wangu," fundi alimwambia. "Penye wengi pana Mungu." Kompyuta ikawagawa: dada akapata chupa ya kifuniko cha njano, mdogo mtu akapata ya bluu.

Haikuchukua muda benchi la kliniki likageuka uwanja wa mpira. Wa njano huku, wa bluu kule, utani mtupu. Fundi alijipa unahodha, maana wiki ya tatu homa ilimwachia akaanza kugombana na wateja kama zamani. Lakini mdogo wake aliendelea kuchemka kila jioni, akakonda hadi pete ikawa inajivua yenyewe. Utani ukamwishia fundi mdomoni.

Akamwuliza nesi ipi kali zaidi.

"Hatujui, dada. Tungejua tusingelinganisha."

Fundi aliona anafichwa. Yeye ukimpa nyuzi mbili atakwambia papo hapo ipi itakatika kwanza. Iweje wasomi washindwe? Nami ndiye niliyemleta, aliwaza. Akifa, nimemuua mimi.

Asubuhi moja, mdogo wake akiwa anaoga, fundi alimimina chupa zote mbili mezani, kila moja upande wake. Mgonjwa apewe za njano, yeye atakunywa za bluu. Vidonge vilikuwa vyeupe vyote, vya mviringo vyote. Kimoja kikabiringika, akarusha mkono kukidaka, na kiwiko kikavikumba vingine vikawa chungu kimoja. Wanasema ukilikoroga utalinywa, ila hapa hata cha kunywa hakikujulikana ni kipi.

Akavifunga vyote kwenye kitambaa, akapaza sauti kwamba anakwenda kununua vifungo, kisha huyo, mbio hadi kliniki. Alimweleza nesi yote, machozi na kamasi pamoja.

Nesi alisikiliza hadi mwisho. "Hivi tutavitupa, mtapewa chupa mpya. Na nitaliandika, maana utafiti wa kufichana haumtibu mtu." Akavuta faili. "Kaa basi. Nilikuwa nataka kukupigia, maana mdogo wako alikuandika wewe kuwa mtu wake wa kupigiwa. Majibu ya damu yake yamefika. Bakteria hawaonekani tena."

"Wa nani?"

"Wa mdogo wako! Dawa yake imefanya kazi kama yako."

"Na homa je?"

"Daktari anasema ni kinga yake inaamka. Dawa za virusi zimeanza kushika, na kinga iliyolala siku nyingi ikiamka huwa na kelele. Mlete leo leo, atapewa cha kuituliza."

Fundi alikaa chini sakafuni, mbele za watu, akacheka na kulia, na hakuona aibu hata chembe. Mdogo wake atapona.

Nyumbani msusi alikuwa mlangoni na taulo kichwani. "Vifungo viko wapi?"

Fundi akamsimulia, akianza na majibu ya damu, ndipo akafika kwenye vidonge. Msusi alifurahi.

"Ngoja kwanza, dada. Uliamini dawa yangu haifai?"

"Niliamini."

"Na ulitaka kuinywa wewe?"

"Nilitaka."

"Usirudie," msusi alisema. "Ukifa wewe, mimi nitabaki na nani?"

Fundi akatoa chupa mpya mbili alizopewa, akaleta na maji, bilauri mbili, kabla ya kwenda kliniki. Wakanywa dawa pamoja, kila mtu yake.