Makaa, Mama Domna

Kila tarehe ishirini na moja Mei, Mama Domna, mjane wa Kigiriki mwenye duka la vitambaa mtaani Bwiza, Bujumbura, alimwambia mpishi wake Spéciose awashe makaa uani. Kijijini kwao Ugiriki, siku hiyo ya Watakatifu Konstantino na Helena, watu hucheza ngoma wamekumbatia picha za watakatifu, kisha hupita pekupeku juu ya makaa mekundu wasiungue. Lakini mtu haendi kwa kutaka. Mtakatifu humwita. Domna aliolewa akaletwa Bujumbura kabla hajaitwa, na kwa miaka arobaini alisimama kando ya makaa, viatu mkononi, akingoja.

Mwaka wa 1996 ulikuwa wa mwisho. Vita vilikuwa vimefunga duka, na mwanawe alituma tiketi ya ndege ya Alhamisi. Spéciose akatandaza makaa mchana, kabla ya saa ya watu kufungiwa majumbani, akageuza beseni kuwa ngoma.

"Piga polepole," Domna akasema. "Wanajeshi watazani ni harusi."

"Wakikuja tutawapa maharagwe. Lakini Mama, mi nimepika miaka yote. Sijaona makaa inachagua mutu."

"Unaogopa?"

"Miguu ni ya kwako."

Domna akaikumbatia picha yake ya watakatifu, akavua viatu. Safari hii hakungoja. Aliinua mguu bila kuitwa.

Beseni likanyamaza. Tangu tiketi ifike Spéciose alitaka kusema "usiende", na neno halikutoka. Likatoka lingine, la zamani. Domna alipokuwa akijifunza Kiswahili, akija mgeni mmoja alimwambia "kaa", yaani keti; wakija wawili aliwaambia "makaa", maana alijua kaa moja la moto, makaa mengi. Nyumba nzima ilicheka, kisha ikalichukua neno hilo kuwa lake.

"Makaa, Mama," Spéciose akasema.

Mguu ukabaki hewani.

"Sema tena."

"Makaa."

Domna akaurudisha mguu udongoni, akaketi kwenye kigoda.

"Kumbe ndiyo hivi mutu anaitwa," akasema. "Mi nilizani ni sauti kubwa."

Hakuvaa viatu mpaka makaa yakawa majivu.

Alhamisi aliondoka, kwa kuwa mwanawe naye alikuwa akimwita. Picha aliiacha jikoni. Tangu hapo, kila Mei, kabla hajateleka maharagwe, Spéciose huvua kandambili, akasimama kidogo kando ya makaa, akisikiliza.